Kabla ya kujaza fomu: fedha za wakfu wa jamii ni za nani?

Vikundi viwili vya mtaa mmoja vinaomba ruzuku kwenye wakfu wa jamii uleule, yaani taasisi inayotunza fedha za watoaji wengi kwa faida ya eneo moja, mwezi uleule. Cha kwanza kinafundisha wazee kutumia simu ili waweze kuwasiliana na daktari na benki bila kumsubiri mjukuu. Cha pili kinaendesha bustani ya watoto nyuma ya uwanja wa shule. Maandiko yote mawili yameandikwa kwa uangalifu, bajeti zimejumlishwa sawasawa, barua za utambulisho zimeambatishwa. Baada ya wiki kumi bustani inapata fedha, na kikundi cha wazee kinapata barua ya mistari minne: maombi yenu hayakufanikiwa safari hii.

Wale wa kikundi cha wazee huumia, na ninawaelewa. Nimekaa mezani na watu wa namna hiyo, barua ikiwa katikati yetu, wakitafuta ni sentensi gani iliyowaponza. Mara nyingi hakuna sentensi iliyowaponza. Waliomba vizuri kwenye mfuko usio na fedha za wazee. Aliyeuanzisha aliacha maelekezo kwamba fedha zake ziende kwa watoto na mazingira, na wakfu uliozipokea uliahidi kwa maandishi kumtii. Hakuna aliyewaeleza hivyo, kwa sababu fomu ilikuwa moja na mlango ulikuwa mmoja.

Fundo ninalotaka kulifungua ndilo hilo. Mipaka ya eneo isiyojadilika, viwango vidogo vya fedha, maswali yasiyoisha kuhusu katiba na saini za benki, majibu ya kukataliwa yasiyo na maelezo: karibu yote yanayowachosha waombaji yanatokana na jambo moja. Fedha unazoziomba si mali ya ofisi unayoiandikia. Ofisi imezishika kwa amana.

Mkono wa marehemu

Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno wakfu, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kusimamisha au kuzuia. Katika sheria ya Kiislamu mwenye mali huifunga mali yake: haiuzwi tena, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kinachogawiwa ni zao lake. Shamba linabaki, mavuno yanakwenda kwa waliokusudiwa. Aliyelielewa neno hilo ameshaelewa nusu ya uendeshaji wa wakfu wa jamii wa leo, hata ule usio na uhusiano wowote na dini.

Nusu ya pili ilitoka kwa mtu wa benki. Frederick Goff alikuwa mwanasheria na rais wa benki ya Cleveland Trust, katika mji wa Cleveland nchini Marekani. Kazi yake ilimkutanisha na wosia za matajiri, akaona jinsi zinavyozeeka vibaya. Mfano mmoja uliojulikana sana nchini humo ni wa Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis. Alipofariki mwaka 1851 aliacha theluthi moja ya mali yake iwasaidie wasafiri na wahamiaji maskini waliopita katika mji huo wakienda kuanza maisha upande wa magharibi. Wakati ule watu hao walikuwa wengi na shida zao zilionekana barabarani. Kisha reli zikaja, misafara ikaisha, na fedha zikabaki zimefungwa kwa ajili ya watu ambao hawapiti tena. Hali hiyo ilipewa jina la mkono wa marehemu: aliyezikwa bado ameshika funguo.

Dawa ya Goff, aliyoianzisha Januari 1914 kwa jina la Cleveland Foundation, ilikuwa kugawa madaraka. Benki izitunze na kuziwekeza fedha. Kamati ya raia iamue zinakwenda wapi. Kamati hiyo iwe pia na mamlaka ya kubadilisha matumizi pale nia ya mtoaji itakapokuwa haitekelezeki au haina maana tena. Watoaji wengi, eneo moja, kamati moja. Boston waliiga mwaka 1915. Winnipeg, nchini Kanada, walianza mwaka 1921 kwa dola 100,000 za mwanabenki William Alloway, na mchango wa pili, uliofika mwaka 1924, ulikuwa bahasha yenye sarafu tatu za dhahabu, jumla dola 15, kutoka kwa mtu ambaye hakutaja jina lake. Napenda sana habari ya bahasha hiyo. Mwanabenki na mwenye sarafu tatu waliandikwa kwenye daftari moja, na tangu siku hiyo ofisi ina deni la uaminifu kwa wote wawili.

Leo mtindo huu umeenea. Uingereza peke yake ina wakfu za jamii zaidi ya 40, kila moja na eneo lake. Kenya Community Development Foundation imekuwapo tangu 1997. Majina na sheria hutofautiana, lakini mifupa ni ileile.

Mifuko ndani ya mfuko

Mwombaji huona jina moja kwenye bango. Ndani kuna makumi ya mifuko, pengine mamia, na kila mmoja una hati yake.

Ipo mifuko huru, ambayo watoaji waliiacha mikononi mwa bodi bila sharti lingine zaidi ya eneo. Hii ndiyo inayogombewa na kila mtu. Ipo mifuko ya nyanja maalumu: afya ya akili, michezo ya wasichana, bonde fulani, kata fulani. Ipo mifuko ya familia ambayo mwanzilishi wake bado yu hai na huishauri ofisi mwaka hadi mwaka. Kisheria kauli ya mwisho ni ya ofisi, ila ushauri wa mtoaji husikilizwa sana, na mara nyingi mifuko ya namna hii haitangazwi kabisa. Huwezi kuiomba. Unachoweza ni kufahamika kwa ofisa wa ruzuku, ili siku familia itakapouliza nani anafanya kazi nzuri na vijana upande wa mashariki, jina lenu liwe mdomoni mwake.

Kisha kuna fedha za kupita. Serikali, kampuni au mfuko mkubwa wa taifa huzikabidhi kwa wakfu wa eneo ili uzigawe, kwa sababu wakfu unavijua vikundi ambavyo mfuko mkubwa haujawahi kuvisikia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, National Emergencies Trust ya Uingereza ilichangisha fedha kwa wananchi na kuzifikisha mitaani kwa kupitia wakfu za jamii. Fedha za namna hiyo huja na tarehe kali na fomu za mwenyewe aliyezitoa. Ofisa akikwambia hawezi kukuongezea hata siku tatu, huenda anasema kweli: saa si yake.

Ukishaliona hilo, vigezo unavisoma kwa jicho jingine. "Vijana wa miaka 11 hadi 18" si makadirio. Ni maneno ya mtu, yaliyoandikwa kwenye hati, na kamati itahojiwa ikiyapinda. Kama nusu ya watoto wenu wana miaka tisa, maombi hayo yamekufa kabla ya kufunguliwa, hata yangekuwa mazuri kiasi gani. Mpaka wa eneo ni vilevile. Kinachopimwa kwa kawaida ni mahali wanapoishi watakaonufaika, si mahali ofisi yenu ilipo. Kikundi chenye ofisi mjini kinaweza kustahili fedha za vijijini, na kikundi chenye anwani ndani ya mpaka kinaweza kukosa kwa kuwa wanaohudumiwa wanatoka ng'ambo ya mpaka huo.

Mifumo ya kupokea maombi iko ya aina mbili, na kutojua ni ipi ndiko kunakoleta maumivu ya kikundi chetu cha wazee. Wapo wanaofungua dirisha la kila mfuko peke yake, na fomu yake. Wapo wenye fomu moja kwa mifuko yote, kisha ofisa hukaa ndani akilinganisha maombi na mifuko. Kwa hawa wa pili, fomu yako inapaswa kusema mambo ambayo ungeweza kudhani hayana haja: umri wa walengwa, kata wanazotoka, kama wamo wenye ulemavu, kama shughuli inagusa afya, elimu, upweke au mazingira. Kila taarifa ya kweli ni ndoano ambayo mfuko fulani unaweza kunasia. Kikundi cha wazee kilijaza "mafunzo ya simu". Hakikuandika popote kwamba wengi wao wanaishi peke yao, kwamba sababu ya kujifunza ni kuweza kuzungumza na daktari. Pengine ulikuwapo mfuko wa upweke, au wa afya, na hakuna aliyewaunganisha nao.

Kwa nini fedha ni kidogo

Sasa hesabu. Wakfu wenye mtaji wa milioni moja, kwa sarafu yoyote ile, hautoi milioni. Nyingi hutoa kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya mtaji kwa mwaka, yaani 40,000 hadi 50,000, ili kinachobaki kikue na kuushinda mfumuko wa bei, na mtaji uendelee kuzaa baada ya miaka hamsini. Nchini Marekani sheria inazitaka taasisi binafsi za ufadhili zitoe takriban asilimia 5 kila mwaka. Wakfu za jamii hazifungwi na sharti hilo, lakini nyingi hujiwekea kiwango cha jirani na hapo kwa hiari. Kutoka kwenye kiasi hicho hutolewa ada ndogo ya kuendesha ofisi. Kinachobaki ndicho kinachogombewa na vikundi vyote vya eneo.

Kuna jambo la ndani zaidi hapo, na waombaji wengi hawalijui. Thamani ya mtaji hupanda na kushuka pamoja na masoko ya fedha, kwa hiyo wakfu nyingi hazikokotoi asilimia kwa thamani ya leo bali kwa wastani wa miaka kadhaa, mara nyingi mitatu. Wastani huo hulainisha mawimbi. Pia huchelewesha habari. Soko likianguka mwaka huu, ruzuku zitaumia zaidi mwakani na mwaka unaofuata, wakati watu wengine wanasema hali imeshatengemaa. Kikundi kilichozoea kupata kinaweza kunyimwa mwaka ambao hakuna anayezungumzia msukosuko, kikadhani kimekosana na mtu ofisini.

Hesabu hiyo ndiyo inayozaa mazoea mengine: ruzuku ndogo, za mwaka mmoja, na woga wa kulipa mshahara wa kudumu. Kamati inaogopa kumwajiri mtu kwa fedha ambazo haiwezi kuahidi mwakani. Binafsi naona woga huo umepitiliza. Kikundi kinachopewa fedha za mwaka mmoja kila mwaka hutumia miezi mitatu kati ya kumi na miwili kuandika maombi, na mlengwa ndiye anayeilipa miezi hiyo. Wakfu kadhaa zimeanza kutoa ruzuku za miaka miwili au mitatu, na pale dirisha la namna hiyo lilipo, kikundi kilichokomaa kisiogope kuliomba.

Karatasi zinazoulizwa kabla ya wazo

Watu hufika na wazo zuri na kukuta wanaulizwa katiba. Huonekana kama ubishi wa makarani. Tukumbuke amana: aliyeshika fedha za mwingine hawezi kuzitoa kwa mtu mmoja mwenye moyo mwema, kwa kuwa moyo mwema haukaguliki. Anazitoa kwa kikundi chenye kanuni.

Katiba ya kikundi kidogo haihitaji kuwa ndefu; kurasa tatu zinatosha. Msomaji wa ofisini hatafuti ufasaha humo. Anatafuta lengo la kikundi, ili aone kama mradi unaoombewa uko ndani yake. Namna viongozi wanavyochaguliwa na kuondolewa. Na kifungu kimoja ambacho waandishi wengi wa katiba hukisahau, yaani kifungu cha kuvunjika. Siku kikundi kitakapokufa, mali iliyobaki itakwenda wapi? Katiba ikinyamaza, au ikisema wanachama watagawana, maombi husimama hapohapo. Mtoaji alitoa kwa faida ya umma. Mashine ya kushona iliyonunuliwa kwa fedha zake haiwezi kuishia nyumbani kwa mwenyekiti. Jibu linalokubalika ni kwamba mali itakwenda kwa kikundi kingine chenye lengo linalofanana, kisichogawana faida.

Akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi, na jina hilo lifanane na la kwenye katiba herufi kwa herufi. Mambo mengi hukwama hapa kwa sababu ndogo kabisa: katiba inasema "Umoja wa Wazazi", benki inasema "Kikundi cha Wazazi", na fedha zilizokwisha kuidhinishwa zinakaa wiki sita zikisubiri barua. Watia saini wawe wawili au zaidi, na wasiwe ndugu wala mume na mke wala watu wa nyumba moja. Vikundi vingi huanzishwa na familia, na ombi hili huwakwaza. Huliona kama tuhuma. Mimi huwaeleza hivi: siku fedha zitakapopotea, saini mbili zisizo na undugu ndizo zitakazomlinda mweka hazina mwaminifu, kwa sababu kutakuwa na mtu mwingine wa kuthibitisha alichokiona.

Hesabu za mwaka huulizwa pia, na humo kuna mtego wa pande mbili. Kikundi kisicho na akiba kabisa kinatia wasiwasi. Kikundi chenye akiba ya miaka miwili nacho kitaulizwa kwa nini kinaomba. Kama akiba yenu imetengwa kwa jambo maalumu, mathalani kukarabati paa au kulipa kodi ya jengo kwa miezi mitatu mambo yakiharibika, andikeni hivyo waziwazi. Usimwache msomaji akisie.

Wanaofanya kazi na watoto au watu wazima walio hatarini wataombwa sera ya ulinzi. Hili silitetei kwa haraka, nalitetea kwa moyo wote. Sera iliyonakiliwa kutoka shirika jingine na kubadilishwa jina hujulikana upesi, kwa sababu humtaja ofisa wa ulinzi ambaye kikundi hakina. Bora ukurasa mmoja unaosema kwenu nani anapokea malalamiko, mtoto anampata vipi mtu huyo, na nani anajulishwa ikiwa mpokeaji huyo ndiye anayelalamikiwa.

Kikundi ambacho hakijafika huko kina njia ya kati. Shirika lililosajiliwa linaweza kuwa mlezi wake: linapokea fedha, linazitunza na kuzihesabia, kikundi kinafanya kazi. Makubaliano yaandikwe, pamoja na asilimia ambayo mlezi atakata kwa kazi yake. Muulize ofisa mapema kama mfuko wake unakubali mpango huo, maana si yote inayokubali.

Swali la uhitaji

Kwenye fomu kuna maswali mengi, lakini moja ndilo linalobeba mengine: eleza uhitaji. Hapa ndipo andiko hupona au hufa, na hapa ndipo watu huandika mambo makubwa kupita kiasi. Huanza na takwimu za dunia, wakashuka kwenye bara, wakafika kwenye nchi, na nafasi ya maneno 300 ikaisha kabla ya mtaa kutajwa. Msomaji wa wakfu wa jamii anaishi katika eneo hilo. Umaskini wa dunia anaujua. Asichokijua ni kwamba watoto kumi na moja wa mtaa wenu waliacha mafunzo ya kuogelea basi la jioni lilipoondolewa.

Uhitaji si ukosefu wa kile unachotaka kununua. "Tunahitaji kompyuta kwa sababu hatuna kompyuta" ni duara. Anza na watu: nani, wangapi, wanapatwa na nini, mmejuaje. Neno mmejuaje lina uzito wake. Mazungumzo na wazazi ishirini baada ya mkutano, orodha ya waliokosa nafasi muhula uliopita, maelezo ya muuguzi wa zahanati: huo ni ushahidi, na ni wa kwenu. Sema ulivyoupata. Kama uliuliza watu kumi na wawili, andika kumi na wawili. Namba ndogo ya kweli inaaminika kuliko "wengi sana".

Baada ya uhitaji huja shughuli na matokeo, na hivi viwili vinachanganywa kila siku. Warsha sita ni shughuli. Washiriki thelathini ni hesabu ya waliokuja. Matokeo ni kilichobadilika kwao. Kikundi cha wazee kingeweza kuandika kwamba kati ya wazee 24, walau 16 wataweza, mwishoni mwa miezi minne, kupanga miadi ya daktari wenyewe, na kwamba watapimwa kwa kuombwa wafanye hivyo mbele ya mkufunzi, wiki ya kwanza na wiki ya mwisho. Angalia kwamba hakikusema wote 24. Msomaji mzoefu anajua kuna atakayeugua, atakayehama, atakayechoka. Ahadi ya asilimia mia humfanya ashuku kwamba mwandishi hajawahi kuendesha mradi.

Vivyo hivyo na idadi ya wanufaika. Zipo fomu zinazouliza wanufaika wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja, na hapo watu huzidisha kila mshiriki mara watu sita wa nyumbani kwake. Acha. Ikiwa wazee 24 watafaidika, 24 ni idadi yenye heshima. Ofisa ataigawa bajeti kwa idadi hiyo ili aone gharama ya mtu mmoja, na namba iliyovimbishwa itakurudia wakati wa ripoti, utakapotakiwa kuwaonyesha watu hao.

Bajeti

Bajeti ni maelezo ya mradi kwa lugha ya namba. Kila shughuli iliyotajwa juu ionekane chini, na kila kilichopo chini kiwe kimetajwa juu. Kama andiko linazungumzia usafiri wa wazee na bajeti haina usafiri, msomaji atajiuliza nani analipa.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni vikundi kuficha gharama zake vyenyewe. Huombea madaftari, posho ya mkufunzi na chai ya washiriki, kisha kodi ya ukumbi, umeme, bima na muda wa mratibu hulipwa na wanachama kutoka mifukoni mwao, kimyakimya, hadi mratibu achoke na kikundi kife. Wengi wanaamini kwamba bajeti nyembamba inapendwa. Mifuko mingi ya leo inakubali sehemu ya haki ya gharama za uendeshaji, ilimradi uoneshe hesabu. Kama mradi unachukua siku mbili kati ya tano za kazi, una haki ya kubeba asilimia 40 ya kodi, ya umeme na ya mshahara wa mratibu. Iandike hesabu hiyo kwenye mstari wa maelezo. Kama masharti ya mfuko yanataja kikomo, tuseme asilimia 10 au 15 ya ruzuku, heshimu kikomo na useme tofauti italipwa na nani.

Nguvu kazi ya kujitolea ihesabiwe pia, pembeni, kama mchango wa kikundi. Saa 90 za walimu wa kujitolea ni mali.

Halafu kuna kanuni ambayo imewaumiza watu wenye haraka ya kutenda mema: mifuko mingi hailipi gharama zilizokwisha kufanyika kabla ya barua ya idhini. Ukinunua mashine Jumatatu na idhini ikaja Ijumaa, mashine hiyo ni yako. Tarehe ya kuanza mradi kwenye fomu iwe baada ya tarehe ya uamuzi, na uache wiki kadhaa katikati.

Nani anasoma

Maombi hupita mikononi mwa ofisa kwanza. Anaangalia ustahiki na karatasi, mara nyingi anapiga simu kuuliza jambo, na simu hiyo ni ya kheri: anatafuta namna ya kukutetea. Kisha anaandika muhtasari, pengine nusu ukurasa. Kamati, ambayo kwa kawaida ina wakazi wa eneo, watu wa fani mbalimbali na wakati mwingine mtoaji mwenyewe, husoma muhtasari huo pamoja na maombi mengine ishirini au thelathini kwa kikao kimoja. Kwa hiyo andika sentensi ambazo ofisa anaweza kuzihamisha zilivyo. Aya ya kwanza iwe na nani, wapi, nini, kwa muda gani, kwa kiasi gani. Akilazimika kuzikusanya kutoka kurasa nne, atakusanya anachokipata.

Mjumbe mwenye uhusiano na kikundi anatakiwa kuutangaza na kutoka nje wakati kikundi hicho kinajadiliwa. Kwa hiyo usimwombe mjumbe unayemfahamu akusemee. Unamtoa kikaoni mtu ambaye angekuelewa.

Baada ya barua

Mkipata, someni mkataba kabla ya kusherehekea. Fedha zimefungwa kwa kazi iliyotajwa, na zitunzwe ili zionekane peke yake kwenye vitabu, hata kama akaunti ni moja. Mambo yakibadilika, na hubadilika, andikeni kwa ofisa mapema. Mkufunzi amehama, ukumbi umefungwa, wazee wameomba madarasa ya asubuhi badala ya jioni: maofisa hukubali mabadiliko mengi ya namna hiyo wakiulizwa kabla. Wakiulizwa baada, hawana tena la kukubali. Fedha zimeshatumika kinyume cha hati, na wao ndio watakaomjibu mtoaji. Fedha zikibaki, ulizeni kama zirudishwe au ziongeze muda wa mradi.

Ripoti ya mwisho mara nyingi ni kurasa mbili. Wekeni humo na kilichoshindikana. Ofisa anayeijua kazi hii haamini mradi usio na kasoro, na ile aya ya mambo yaliyokwama ndiyo anayoipeleka kwa mtoaji anapomwomba aongeze fedha au alegeze sharti.

Mkikosa, subirini siku mbili hasira ipoe, kisha pigeni simu. Msiulize kwa nini wenzenu wamepata, hawezi kuwajibu. Ulizeni mambo matatu. Maombi yetu yalipimwa kwenye mfuko gani? Yalifika kwenye kamati au yaliishia kwenye ustahiki? Kuna mfuko mwingine mnaoufahamu ambao kazi hii ingeufaa, na dirisha lake linafunguliwa lini? Kwa kikundi cha wazee, jibu la swali la kwanza lingekuwa la kuumiza kidogo na la kufariji sana. La tatu lingekuwa tarehe, ya kuandikwa ukutani kabla simu haijakatwa.